Thesauri, kamusi ya wanafunzi au WordNet: nahodha anunue ipi?

Ilikuwa Julai, kusi imeshika, na nahodha mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni alikuwa gatini hapa Lamu na wageni wanne waliokwisha kumlipa. Bahari ilikuwa imechafuka. Kwa adabu zote akawaambia: "Today the sea is dirty." Wageni wakachungulia chini ya gati, wakaona chupa moja ya plastiki inaelea, wakatazamana. Mmoja akamjibu kuwa hawakuja kuogelea, wamekuja kutembea tu, kwa hiyo uchafu hauwasumbui. Nahodha akajisemea moyoni, watu hawa ni majasiri. Akatweka tanga. Wimbi la kwanza lilipowalowesha mpaka kwenye begi za kamera ndipo pande zote mbili zikaelewana.

Jioni hiyo alikuja barazani amekasirika. "Mwalimu, kwani 'dirty' si chafu?"

Ni chafu, hakuna atakayebisha. Lakini neno letu lina jamaa zake na la Kiingereza lina zake, na jamaa hao hawafanani. Kwetu bahari huchafuka na hutulia. Kwa Waingereza bahari huwa "rough", na kinyume chake ni "calm". Ajabu ni kwamba mabaharia wao wenyewe husema "dirty weather" pakiwa na dhoruba, kwa hiyo nahodha wangu alikosea nyumba tu, mtaa ulikuwa ule ule.

Akataka kujua anunue kitabu gani ili yasimpate tena. Swali hili naulizwa na wengi: manahodha, vijana wanaoongoza wageni, wanafunzi wa sekondari, hata mama mmoja wa Shela anayekodisha vyumba. Nimetumia vitu vitatu kwa miaka kadhaa: thesauri, yaani kitabu kinachoorodhesha visawe, maneno yenye maana za karibu; kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza; na WordNet, kanzidata ya maneno ya Kiingereza. Sitalinganisha bei wala ukubwa wa maandishi. Nitalinganisha kitu kimoja: kila kimoja kinakuonyesha uhusiano gani baina ya maneno, na kinakuficha upi.

Thesauri: jamaa wote ukumbini, hakuna aliyetambulishwa

Thesauri inayojulikana zaidi ilitungwa na Peter Mark Roget, tabibu wa Uingereza aliyezaliwa 1779. Alianza kuorodhesha maneno mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, akaja kuchapisha 1852, ana miaka 73. Hakupanga kwa alfabeti. Aligawa dhana katika matabaka sita na vichwa 1,000, akaanza na kuwepo, kisha kila alipoweza akaweka dhana na kinyume chake ubavu kwa ubavu katika ukurasa mmoja. Huku kuwepo, kule kutokuwepo. Ukiitazama hivyo utaona kuwa mzee yule alikuwa anachora ramani ya mawazo, visawe vilikuja kama abiria. Nyingi za siku hizi zimerudi kwenye alfabeti: unafungua neno, unapewa safu ya visawe, basi.

Na Kiingereza kina visawe vingi kweli. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa walizungumza Kifaransa, wanyonge Kiingereza, na wasomi wakaandika Kilatini. Ndiyo maana kitu kimoja mara nyingi kina majina matatu. Kuuliza kwa kawaida ni "ask", neno la wenyeji. "Question" limekuja na Kifaransa, na lina ukali kidogo. "Interrogate" ni la Kilatini, na hapo tayari uko kituo cha polisi. Ng'ombe aliye malishoni ni "cow", neno la mchungaji; akifika mezani ni "beef", neno la aliyekuwa anakula.

Sisi tusiwashangae. Binadamu hufariki, punda hufa. Mtu akisema punda wa jirani amefariki, baraza nzima itacheka, ingawa maana ni ile ile. Thesauri ya Kiswahili ingeweka "fa", "fariki" na "aga dunia" katika mstari mmoja na koma katikati, na mgeni angeondoka ameridhika kabisa kwenda kumpa jirani pole ya marehemu punda.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya thesauri kwa anayejifunza. Kijana mmoja wa kuongoza wageni aliona kila ubao mjini umeandikwa "cheap", akataka wake uwe tofauti. Akafungua thesauri kwenye simu, akapita "inexpensive" kwa kuwa ni refu, akachukua "shoddy". Maana yake ni kitu cha ovyo, kilichotengenezwa vibaya. Ubao wenye maneno "Shoddy trips" ulikaa karibu na Mkunguni, mbele ya Ngome, siku mbili. Wageni walisimama wakaupiga picha, naye akaamini biashara imefunguka.

Mfano mwingine ni unene. Hapa mtu akirudi safari akaambiwa "mashallah, umenenepa", ameombewa heri. Thesauri itakupa "fat", "plump", "stout" na "obese" kama ndugu wa tumbo moja. La kwanza litamuudhi mgeni, la nne ni la daktari, "stout" lina umri kidogo, na "plump" ni la mtoto au kuku. Hakuna hata moja kati ya hayo la kumpokea mgeni gatini. Thesauri haisemi.

Basi ni ya nani? Ni ya anayekijua Kiingereza tayari na neno limemponyoka ulimi. Anaona orodha, analitambua lile alilolitaka, anafunga kitabu. Kukumbushwa na kufundishwa ni vitu viwili. Niliwahi kuipigia debe thesauri darasani mwaka wangu wa kwanza, na insha nilizopokea wiki iliyofuata sitazisahau.

Kamusi ya wanafunzi: haina jamaa wengi, lakini inajua nani hutembea na nani

Hii haijaandikwa kwa Waingereza. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitayarisha pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa tena 1948. Alikuwa amewaona wanafunzi wanaojua maana ya neno na wasijue pa kuliweka, akaweka ndani ya kamusi namna kila kitenzi kinavyojengewa sentensi. Longman nao walipotoa yao 1978, waliamua maelezo yote yaandikwe kwa maneno ya kawaida takribani 2,000 tu, ili usilazimike kutafuta maana ya maana.

Kwa mambo yetu ya hapa, faida yake ya kwanza ni maneno yanayofuatana. Sisi husema mvua kubwa, upepo mkali, jua kali. Kijana akitafsiri moja kwa moja atasema "big rain" na "sharp sun", aeleweke, lakini kwa kuhurumiwa. Kamusi hii, chini ya "rain", ina "heavy". Chini ya "wind", ina "strong". Chini ya "sea", ina "calm" na "rough", na hapo nahodha wangu angepona. Mwanaisimu J. R. Firth ndiye aliyelitilia mkazo jambo hili mwaka 1957, kwamba neno utalijua kwa wenzake linaoandamana nao. Wazee wetu wamelisema zamani kuhusu watu.

Faida ya pili ni vinyume, na hapa ndipo watu wengi hawatazami. Wanadhani kinyume ni kinyume tu. Chukua "fresh". Mkate "fresh", kinyume chake ni "stale", uliochacha au kukauka. Samaki "fresh", kinyume chake huenda ikawa "frozen", wa barafu, au "rotten", aliyeoza. Maji "fresh", kinyume chake ni "salt", ya chumvi. Neno moja, vinyume vinne, kila kimoja na mlango wake. Na hilo la maji linatuhusu sana. Sisi maji yasiyo ya chumvi huyaita maji baridi, hata yakiwa ya moto juani. Mama yule wa Shela aliwaeleza wageni kwamba michanga mirefu ile nyuma ya kijiji isijengwe kwa sababu ndiyo inayotuhifadhia maji baridi, jambo la kweli na muhimu, kwani chini ya michanga hiyo ndiko yaliko maji matamu ya mji. Akasema "cold water". Wageni wakadhani pana chemchemi ya barafu, wakaomba wapelekwe.

Kuna vinyume vya ngazi, kama "hot" na "cold", vyenye "warm" na "cool" katikati. Na kuna visivyo na katikati, kama "dead" na "alive". Hivyo havisumbui. Vinavyosumbua ni vile vya tendo moja kutazamwa na watu wawili. Kiswahili cha wengi huazima kitu kwa maana zote mbili: nimeazima jembe kwa Ali, na Ali ameniazima jembe. Kiingereza kinakutaka uchague: aliyetoa ame-"lend", aliyepokea ame-"borrow". Nahodha akimwambia mgeni "borrow me your phone", mgeni anasikia ameombwa aazime simu yake mwenyewe. Halafu ukigeuka upande wa nyumba mambo yanapinduka: sisi hutofautisha kupanga na kupangisha, wao "rent" hiyo hiyo ni ya mwenye nyumba na ni ya mpangaji. Thesauri haiwezi kukufundisha haya, kwa sababu "lend" na "borrow" si visawe. Kamusi ya wanafunzi inayo mifano ya sentensi, na nyingi zina kijisanduku kinachokuonya kuhusu jozi kama hizi.

Ya tatu ni alama ndogo zile zinazosema neno hili ni la mitaani, hili ni la barua rasmi, hili linaudhi. "Shoddy" pale ingekuwa imeelezwa kwa maneno mepesi, na ubao usingeandikwa.

Vitawe, yaani neno moja lenye maana nyingi, pia imevipanga vizuri. Mgeni aliposikia "spring tide" aliniuliza mbona tuko Oktoba, maana "spring" kwao ni majira baada ya baridi. "Spring tide" ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nalo halingoji majira, huja kila mwezi mpya na mwezi mpevu. Ndani ya kamusi utaona "spring" ya majira, ya chemchemi na ya waya unaorukaruka vikikaa katika familia moja, kwa sababu zote zimetoka kwenye kuruka na kuchipuka. Lakini "bark" ya mbwa na "bark" ya ganda la mti, hata zikiwekwa pamoja, hazina nasaba, zimegongana tu kwa sura. Kama vile "ndoo" ya kuchotea maji na "ndoo" yetu ya Kiamu tunapomwita mtu. Mtoto wa Nairobi akiitwa "ndoo hapa" hutafuta karai.

Kasoro yake? Lazima uwe na neno ndipo ulitafute. Nahodha anajua usukani ni nini, ameushika tangu mtoto. Hajui kwa Kiingereza unaitwaje. Kamusi ya alfabeti haimsaidii kutoka kwenye chombo kwenda kwenye "rudder".

WordNet: shajara ya ukoo

Hii si kitabu. Ni kanzidata iliyoanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya mwanasaikolojia George Miller. Toleo la 3.0 lina maneno takribani 155,000 yaliyofungwa katika mafungu ya visawe kama 117,000. Ni ya bure, na programu nyingi za kamusi za simu zimeiweka ndani, zinafanya kazi hata mtandao ukipotea katikati ya mkondo.

Hapa ndipo unapoona nasaba kweli. Andika "donkey", panda juu: punda, kisha jamii ya farasi, kisha wanyama wenye kwato, kisha wanaonyonyesha, mpaka ufike mnyama na kiumbe hai. Shuka chini upate aina. Geuka kando upate sehemu za kitu kizima. Chombo cha tanga kina mlingoti, "mast"; tanga, "sail"; mkuku, "keel"; na ule usukani wetu, "rudder". Kwa mwalimu anayetayarisha somo la vyombo, au la samaki, hakuna kilicho bora. Somo la mwili nalo nililitayarisha hivyo baada ya mwanafunzi kwenda kumweleza daktari mgeni kuwa mkono unamuuma, akasema "hand", akafungwa bendeji ya kiganja na bega linamuuma vile vile. Kwetu mkono ni kuanzia begani mpaka kuchani. Kwao "arm" inaishia kifundoni, "hand" inaanzia hapo.

Lakini shajara hiyo imeandikwa kwa jicho la kwao, na ukiishika kama ramani ya dunia itakupoteza. Mpunga, mchele na wali, kwao vyote "rice". Kitale, dafu, koroma na nazi ni "coconut" hiyo hiyo ikikua. Ami na mjomba wote "uncle", kana kwamba urithi ni mmoja. Halafu haikwambii maneno gani hufuatana, haina vihusishi kama "at" na "from" kwa sababu imekusanya nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi peke yake, na mara nyingi haikuonyi aibu iko wapi. Punda ina "donkey" na ina "ass", zote halali katika elimu ya wanyama, ila "ass" ya mitaani ni makalio. Kijana aliyewapisha wageni kichochoroni Usita wa Mui kwa kupaza sauti "Mind the ass!" alikuwa sahihi kwa mujibu wa sayansi. Wageni walicheka mpaka Langoni.

Kwa hiyo

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua kamusi ya wanafunzi, hata iliyotumika, hata ya miaka kumi iliyopita. "Lend" na "borrow" hazijabadilika. Hili silisemi kwa kutaka kuwaudhi wenye thesauri. Nahodha, mwongozaji, mpishi, mwenye vyumba: yote yanayowaponza ni maneno yanayofuatana na vinyume, na hayo yamo humo. Mwanafunzi wa kidato cha nne vile vile, ila huyu asijaribiwe na thesauri usiku wa kuamkia mtihani.

Mwalimu aongeze WordNet, maana ni bure na itampa masomo ya mwaka mzima. Thesauri waachiwe wanaoandika: aliyefikia kujua kwamba "slim" ni sifa na "skinny" ni kasoro bila kuuliza mtu, huyo anaweza kuingia ukumbini, atawatambua jamaa mwenyewe.

Na wote wawe na daftari. Siandiki tena neno na tafsiri, huku Kiingereza huku Kiswahili. Naandikisha neno katikati, wenzake wa kufuatana kulia, kinyume kushoto, aina zake chini. Nahodha alinunua kamusi, akapiga mistari ya daftari kwa rula ya mwanawe. Ukurasa wa "sea" umejaa: "calm", "choppy", "rough". Juzi aliwaambia wageni leo ni "choppy", wakaenda kuchukua makoti ya mvua wenyewe.

Ukurasa wa vyombo ulimshinda, au tuseme aliukataa. Chini ameandika jahazi, mashua, dau, kila kimoja na mstari wake, na mtepe ambao hakuwahi kuuona ila kwa kusimuliwa. Nikamwambia Kiingereza chote hicho ni "dhow". Akanitazama kama nimemwambia wanawe wote wanaitwa jina moja. Safu ya Kiingereza ameiacha tupu, na wageni siku hizi anawafundisha yeye.